Povu Kijitoni

Baba yangu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa duka la kijiji. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la kawaida, lakini aliufunga kwa kamba ya katani na kuuvaa shingoni, chini ya shati, kama hirizi. Mwaka 1982, nikiwa na miaka 12, nilidhani hakuna mtu mwenye cheo kumzidi katika vijiji vyote vya kusini mwa Songea. Hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa akimwahi kwa salamu.

Lori la kampuni ya biashara ya mkoa lilikuja linapojisikia. Likija, kijiji kizima kilishajua kabla dereva hajazima injini. Foleni ilianza alfajiri. Watu waliweka mawe, vikapu na madumu kushika nafasi, wakarudi kulala kidogo. Baba alifungua dirisha, akatandaza daftari la kaya, akaanza kupima. Sukari kilo moja kwa kaya. Sabuni ya mche, nusu. Ilipofika saa nne hivi alipiga kiganja juu ya meza. "Imekwisha, mama zangu. Tusubiri lori lijalo." Mama zake wakaondoka wananung'unika. Nyuma ya mgongo wake, chini ya magunia matupu, sukari ilikuwepo.

Najua kwa sababu msambazaji nilikuwa mimi. Usiku nilitumwa na vifurushi vya gazeti: kwa katibu wa tawi, kwa mwalimu mkuu, kwa bwana shamba, kwa wajomba, na kwa mwenyekiti, bila shaka. "Ukiulizwa, sema ni chumvi," baba aliniambia. Sikuulizwa hata siku moja. Fungu jingine lilichukuliwa na mtu wa baiskeli kutoka mjini, na huyo alikuwa na bei yake.

Saa mbili usiku baba alirudi, akanawa, akakaa kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Ikiisha alizima redio haraka ili kuokoa betri, kisha akatoa hukumu yake, ile ile kila siku: "Huyu mzee atatumaliza." Huyu mzee ni Nyerere. Sukari haipo kwa ajili ya Nyerere. Betri hazipo kwa ajili ya Nyerere. Tulikuwa tunakula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kwa ajili ya Nyerere. Nilimwamini. Ilinichukua miaka kugundua kwamba sukari aliyoililia baba kila usiku ilikuwa chini ya kitanda alichokalia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na hesabu nyingine kabisa.

Yeye alihamishwa mwaka 1974. Nyerere alikuwa ametangaza mnamo Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Nyumba ya bibi ilikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani, pamoja na migomba yake, shamba lake la tumbaku na makaburi ya wazee wake. Mgambo walifika wakati mahindi bado mabichi. Aliyepanda juu akaezua nyasi za paa, kisha akazichoma ili bibi asifikirie kurudi, alikuwa mtoto wa dada yake, yaani mwanawe. Bibi alifariki 1991, na sikuwahi kumsikia akimsema Nyerere vibaya. Lakini ukilitaja jina la yule mwanawe, alitema mate pembeni.

"Nyerere hajui nyumba yangu ilikuwa wapi," aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi. "Huyu alijua. Alikula humo."

Basi nilikulia katika nyumba yenye mahakama mbili. Baba alikuwa na mshtakiwa mmoja, mkubwa, aliye mbali. Bibi alikuwa naye mmoja pia, mdogo, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu na ambaye mikono yake aliiona ikifanya kazi. Baba hakumlaumu yule ndugu yake hata kidogo. Alisema alitumwa tu. Bibi hakumlaumu Nyerere. Alisema wakubwa husema mengi.

Baadaye nikawa mwalimu wa historia. Nimefundisha sekondari miaka 27, na karibu kila mwaka yupo mwanafunzi wa dawati la nyuma anayeuliza, "Mwalimu, sasa hapo kosa la nani?" Nilikuwa na jibu la mtihani: sababu za nje na sababu za ndani, tatu kwa tatu, kila moja kwa aya yake. Jibu hilo hupata alama zote. Tatizo lake ni kwamba halina mtu ndani. Hakuna anayepanda juu ya paa.

Za nje zilikuwa za kweli, nisije nikaonekana nazibeza. Pipa la mafuta lililokuwa karibu dola 3 katikati ya 1973 lilivuka dola 11 Januari 1974, na miaka hiyo hiyo mvua zikatukimbia. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Kahawa ilipanda bei mwaka 1976 na 1977 kwa sababu baridi kali iliua mibuni ya Brazil, kisha ikashuka, na mkulima wa Mbinga hakuhusika na baridi hiyo wala na kuisha kwake. Mkonge ulioijenga Tanga uliangushwa na kamba za plastiki, na aliyezivumbua hakuwa na kinyongo na Tanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Kampala ilianguka Aprili 1979, na inakadiriwa vita hiyo ilitugharimu dola milioni 500 hivi. Nyerere akatuomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, na mkanda ukaishiwa matundu.

Kwa hayo yote, kumtwisha mtu mmoja ni kumwonea. Rais yeyote, hata mwenye akili za malaika, angepanga foleni pamoja na nchi yake.

Hata hivyo sijamwachia. Kosa ninalomwandikia Nyerere halianzii kwenye sukari. Linaanzia Litowa, huko huko upande wa Songea, ambako kikundi cha vijana wa TANU kilianza kulima na kuishi pamoja mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru. Hakuna mgambo aliyewapeleka. Walishindwa, wakajaribu tena, wakashika njia, na vijiji vingine vikawaiga, hadi vikafika kama 17 chini ya chama chao, Ruvuma Development Association. Walikuwa na shule waliyoiendesha kwa namna yao, wakawa na mashine yao ya kusaga, na mambo yao waliyaamua kwenye vikao vyao. Walikuwa wanaishi ujamaa kabla Azimio la Arusha la 1967 halijaandikwa. Nyerere aliwapenda na kuwasifu. Wakubwa wa chama mkoani hawakuwapenda, na si ajabu: kijiji kinachojiamulia hakimhitaji bwana mkubwa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Rais wa TANU alikuwa Nyerere huyo huyo.

Wapo wanaosema alizidiwa nguvu kikaoni. Inawezekana. Mimi huwa najiuliza mtu ambaye miaka minne baadaye aliweza kuwahamisha mamilioni kwa neno moja alishindwaje kuwakingia kifua wakulima wa vijiji 17 waliokuwa wakifanya kile kile alichokihubiri.

Baada ya Litowa yakafuata mengine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, mambo yakashikwa na maofisa wa serikali waliotumwa mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, na chetu, Ngomat, kilichokuwepo tangu miaka ya 1930, kikaenda nacho. Vilikuwa na wezi wake, sikatai. Babu yangu alimjua karani mmoja ambaye mizani yake ilikuwa na njaa. Ila mwizi wa ushirika ulikuwa unaweza kumsimamisha kwenye mkutano mkuu na kumuuliza mbele ya mkewe. Mamlaka ya zao iliyochukua nafasi yake ilikaa mbali, ikatoa stakabadhi badala ya fedha, na ukitaka kuigombeza ulihitaji nauli.

Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka. Kijijini kwetu yalikuwepo maduka mawili ya watu binafsi ambao hawakupatana, na kwa sababu hawakupatana kibaba chao kilikuwa kinajaa. Yakafungwa. Likafunguliwa moja, la kijiji, lenye dirisha moja na kufuli moja. Msimamizi wa pili wa duka hilo, kuanzia 1979, akawa baba.

Hadi hapo alikuwa fundi cherehani, mtu wa nguo za shule na makoti ya Krismasi, na sijawahi kusikia kwamba alimwibia mtu hata kipande cha kitambaa. Kumkabidhi mtu wa namna hiyo sukari ya kaya 300, bila mshindani, bila mkaguzi asiyependa chai yenye sukari, ni kumtega, na mtego huo ulitoka Dodoma na Dar es Salaam. Ila hakuna waraka uliotoka huko ukisema afiche chini ya magunia. Hapo alijiongeza mwenyewe.

Kwa upande wa mgambo ilikuwa hivyo hivyo. Ngazi nzima ya viongozi ilikuwa imeshajifunza kwamba anayepanda cheo ni yule anayepeleka juu idadi ya waliohama, na kwamba anayesema "tusubiri wavune" anaonekana mzembe, au mbaya zaidi, mpinzani. Amri iliondoka juu ikiwa maneno. Ilipofika kwa mtoto wa dada yake bibi, ilikuwa imeshakuwa kiberiti. Ungetaka kuizuia katikati, ungepeleka neno wapi? Kwenye halmashauri? Ilishafutwa. Kwenye ushirika? Siku zake zilikuwa zinahesabika. Kwenye chama, ambako ndiko amri ilikotoka?

Mwaka 1984, akijiandaa kung'atuka, Nyerere alikiri kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Kati ya yote ambayo angeweza kujitetea nayo, mafuta, ukame, Amin, yeye alichagua kutaja hayo mawili. Namheshimu kwa hilo. Bibi nilipomweleza aliniuliza kama alisema chochote kuhusu migomba.

Sasa niseme habari ya sabuni.

Machi 1983, Sokoine akiwa amerudi kuwa Waziri Mkuu, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Redio ilitaja watu waliokutwa na mabati, na khanga, na sabuni, na mafuta ya kula. Tulisikia kwamba mijini watu wanazika bidhaa mashambani na kuzitupa baharini. Usiku mmoja mwezi wa Aprili baba hakuzima redio baada ya taarifa. Aliiacha iseme hadi betri zikaanza kulegea sauti. Kisha akaniamsha. Tulibeba katoni mbili za sabuni ya unga, mimi moja, yeye moja, tukashuka gizani hadi kijitoni, chini ya daraja la magogo. Alizichana kwa kisu akazimwaga. Ilinukia vizuri sana. Niliwaza nijaze mfuko wa kaptula, nikaogopa.

Asubuhi akina mama waliposhuka kufua wakiwa na majani ya mpapai, maana ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu mwaka ule, walikuta kijito kimevimba. Povu lilikuwa limekwama kwenye mizizi, limepanda hadi kwenye nyasi, jeupe kama pamba, linatetemeka kwa upepo. Watu wakajaa. Hakuna aliyeuliza ni nini; kila mtu alijua ni nini na imetoka wapi. Mwenyekiti alisimama kwenye daraja, akaangalia kwa muda, akatamka kwamba huenda wavuvi wa juu wametia sumu ya samaki. Mwalimu mkuu akaitikia. Wanawake wawili wakainama polepole wakaanza kuloweka nguo zao ndani ya lile povu, na baada yao wengine wote.

Hakuna aliyemshtaki baba. Nimewaza mara nyingi kwa nini, na jibu linanirudisha kwenye vile vifurushi vya gazeti. Nilivifikisha kwenye nyumba nyingi mno. Yule ambaye hakupata chochote alikuwa mjane au mgeni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwaka 1985 Mwinyi akashika nchi. Maduka yalijaa, watu wakamwita Mzee Ruksa, na baba, ambaye sasa alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, akanieleza kwa ushindi: "Unaona? Kumbe tatizo lilikuwa mtu mmoja tu." Wanafunzi wangu nao huandika hivyo. Lakini ruksa kubwa ilitolewa kwenye bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa wamezipata wapi. Nyerere alikuwa bado Ikulu. Mpaka na Kenya ulikuwa umeshafunguliwa tangu 1983. Mwinyi alikwenda mbali zaidi, akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hilo ni lake, pamoja na uchungu wake. Ninachosema ni kwamba hata sifa zetu tunazipeleka kwenye anwani isiyo yake, kwa haraka ile ile tunayopelekea lawama.

Huwa nawapa wanafunzi mfano wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1973, mwezi ule ule wa amri ya vijiji, Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni Zaire yatakuwa ya Wazaire, na wengi waliogawiwa walikuwa watu wake. Mwaka uliofuata bei ya shaba iliporomoka. Mafuta yale yale, soko lile lile. Mmoja aliondoka baada ya miaka 24 akarudi Butiama kulima. Mwingine alikaa miaka 32, akajijengea makasri Gbadolite na uwanja wa ndege wa kutua Concorde. Ukitaka kupima watu, hakuna mjadala. Darasa hufurahi hapo. Kisha nawauliza: mama aliyepanga foleni Lubumbashi na mama aliyepanga foleni Songea, mwaka 1982, nani alirudi na sukari nyingi zaidi? Wananyamaza. Uadilifu wa mkuu wa nchi ni kitu kikubwa, ila haupikiki. Tofauti ilikuja kuonekana baadaye, Mobutu alipoondoka 1997 na nchi ikaondoka naye.

Na mimi? Mwaka fulani nilitaka uhamisho nirudi karibu na nyumbani. Barua yangu ilikaa kwenye meza ya ofisi fulani miezi saba. Nikatoa chai. Ikasogea kwa siku mbili. Jioni ile nilikaa na wenzangu kwenye benchi la kahawa, nikaisema serikali kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia darasani, rushwa, uzembe, kuoza kuanzia kichwani. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Njiani kurudi nyumbani nilisikia sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa ya baba, baada ya taarifa ya habari.

Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999 nilikuwa kijijini. Baba alikuwa anaumwa miguu na nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda kumwona. Rais Mkapa alipotangaza redioni kwamba Mwalimu amefariki London, baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba chini ya mwembe. Hakusema neno. Redio ilianza kupiga nyimbo za maombolezo, na baada ya muda nikaona mashavu yake yamelowa, naye hayafuti. Sikujua nimwambie nini. Watu walipita barabarani wakizungumza kwa sauti ya chini kama wametoka msikitini au kanisani. Jirani mmoja alisimama akasema, "Baba wa Taifa, eh," akaendelea.

Jua lilipokaribia kuzama aliniita.

"Ile sabuni ya kijitoni," alisema. Tangu usiku ule, miaka 16, hatukuwahi kuitaja. "Zilikuwa katoni ngapi?"

"Mbili, baba."

Akatikisa kichwa.

"Tatu. Moja niliirudia peke yangu, ulipolala."

Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.